Mtaa hauna siku ya kuvunja kamati

Jumapili moja ya Novemba, saa 10 jioni, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya baa moja huku Kimara, Dar es Salaam, mbele yangu soda ya moto na karatasi ya ahadi. Kilikuwa kikao cha 6 cha kamati ya harusi ya mtoto wa jirani. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye cheo chake serikalini, anasoma majina moja baada ya jingine: aliyeahidi laki na kutoa hamsini, aliyetoa yote, aliyeomba avumiliwe mpaka mshahara utoke. Kulia kwangu muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, hajalala. Kushoto fundi sanifu anayeamka saa 10 alfajiri kila siku kuwahi saiti Kigamboni. Mweka hazina ni binti wa benki, daftari lake limepigwa mistari kwa rula, nyekundu kwa anayedaiwa, bluu kwa aliyemaliza. Hakuna aliyelipwa pale, na hakuna aliyeitwa kwa barua. Mpaka harusi inafika tulikaa vikao 9, achilia mbali simu za katikati ya wiki kuhusu ukumbi, mapambo, MC, na yule bwana wa vinywaji anayebadilisha bei kila akipigiwa.

Wiki hiyohiyo lilipita tangazo la mtaa. Mfereji wa nyuma ya shule umeziba, vuli imeshaanza, wananchi wajitokeze Jumanne saa 3 asubuhi na majembe. Walitokea mama lishe wawili, vijana watano wa kijiwe cha bodaboda na mzee mmoja mstaafu. Sisi wajumbe wa kamati, wote wakazi wa mtaa huohuo, tulikuwa kazini. Jioni mtu alirusha picha ya mzee akiwa na beleshi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, tukamwekea alama za vidole gumba, kama 40 hivi.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu siku ile. Watu walewale waliotoa Jumapili 9 kwa ajili ya keki na ukumbi hawakuweza kutoa asubuhi moja kwa ajili ya mfereji unaopeleka maji sebuleni kwao. Jibu la haraka ni kwamba tumekuwa wabinafsi. Silikubali. Mbinafsi hakai kwenye kiti cha plastiki saa 3 nzima akibishana bei ya mapambo ya harusi ya mtoto wa mwenzake.

Na jibu la pili, la kwamba mtumishi wa mjini hana muda, nalo tulipigie hesabu, maana hesabu ndiyo inayonilisha. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki. Ukilala kwa muda wa saa 7 kila usiku, hizo ni 49. Foleni ya kwenda mjini na kurudi, tuseme saa 3 kwa siku kwa siku 5, inakula 15. Zinabaki 59. Toa kupika, kufua, daftari la mtoto la kazi za nyumbani, ibada, msiba, mgonjwa wa kupeleka hospitali. Bado kuna kitu kinabaki. Shida ni namna kinavyobaki. Saa hizo haziji kama gogo ambalo unaweza kulipasua upendavyo. Zinakuja kama maranda ya seremala. Dakika 20 kituoni, nusu saa baada ya chakula cha usiku, saa moja ya Jumamosi kabla watoto hawajaamka.

Halafu kuna giza. Dar es Salaam tuko karibu na Ikweta, jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima. Hatuna zile jioni ndefu za Ulaya ambazo mtu anatoka ofisini, anabadilisha nguo, anakwenda kupanda miti na jirani zake mpaka saa 3 usiku bado mwanga upo. Mimi nikishuka kwenye gari Kimara ni taa za vibanda tu na moshi wa mishikaki. Kazi yoyote ya jembe, kwa mwajiriwa wa mjini, ina asubuhi mbili kwa wiki, na mojawapo kwa wengi ni ya kanisani. Kwa hiyo anayeita watu Jumanne saa 3 ameshachagua nani atakuja.

Nao waliokuja tuwaangalie vizuri. Mama lishe anauza chai na chapati asubuhi. Saa 3 ndiyo saa yake ya mauzo. Kijana wa bodaboda ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye pikipiki jioni, awe amebeba abiria au hakubeba. Kila dakika aliyokaa mferejini ilitoka mfukoni mwake. Mimi mwenye mshahara ningeomba ruhusa ya nusu siku, mwisho wa mwezi ningelipwa vilevile. Kwa maneno mengine, asubuhi ile mfereji ulichimbwa na watu ambao muda wao ndio ghali kuliko wote, sisi wenye muda wa bei rahisi tukituma vidole gumba.

Sasa rudi kwenye kamati ya harusi uitazame kama mtambo. Ina tarehe isiyosogea: Jumamosi fulani bibi harusi atasimama mlangoni, ukumbi uwe umelipiwa au haujalipiwa. Kila mtu ana lake, huyu usafiri, yule chakula, yule mapambo, na ukilala kwenye lako unaonekana. Vikao ni Jumapili jioni, wakati watu wapo. Hela inasomwa hadharani, jina kwa jina, na mweka hazina anajua kwamba akicheza na shilingi moja, mama wa bwana harusi atamfuata mpaka benki. Na kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: kamati inavunjwa. Baada ya harusi tunakutana mara ya mwisho, tunasomewa mahesabu, tunakula nyama, mwenyekiti anatangaza kwamba kuanzia sasa hakuna kamati. Unaingia ukijua utatokea mlango upi.

Mtaani mlango huo haupo. Ukijitokeza mara moja kwenye jambo la mtaa, tayari wewe ni "mtu wetu". Utaitwa kwenye takataka, kwenye taa za barabarani, kwenye mgogoro wa mpaka wa kiwanja, kwenye kupokea mgeni rasmi. Namfahamu mama mmoja aliyekubali kuandika muhtasari wa kikao kimoja cha kamati ya shule; miaka 4 baadaye bado ni katibu, na kila akitaka kuachia wanamwambia "mama, nani mwingine ataweza?" Majirani zake tuliosoma hilo tulijifunza somo moja tu: usiinue mkono.

Halafu kuna siasa, tusijidanganye. Mfumo wa nyumba kumi kumi uliletwa na TANU katika miaka ya 1960, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 balozi wa nyumba hizo kumi akabaki kuwa kiongozi wa chama, ingawa mtaani watu wengi bado wanamwona kama ofisi ya kwanza ya serikali. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika Novemba 2024 umeacha majirani wasiosalimiana vizuri. Mtu anayeshika beleshi mbele ya watu anaulizwa kimoyomoyo: huyu anautaka uenyekiti? Kwa mtumishi wa umma swali hilo linatisha zaidi. Anaona bora achange elfu kumi kimyakimya kuliko aonekane.

Na kweli tumejifunza kuchanga. Ulinzi shirikishi ulipoanza kwetu, zamu ilikuwa ya kila kaya. Haikuchukua muda wenye ajira tukakubaliana kulipa kwa mwezi ili vijana walinde. Sioni dhambi hapo, vijana walipata chochote na sisi tukalala. Ila tabia ile ikahamia kila kona. Ukiniuliza leo nimeufanyia nini mtaa wangu, nitakuonyesha ujumbe wa miamala kwenye simu. Hela ni msaada, lakini hela haikai kwenye kikao ikauliza kwa nini kalavati limejengwa juu kuliko mfereji.

Kuna sababu nyingine ya sisi kulikwepa neno lenyewe. Zamani kujitolea lilikuwa neno la heshima. Kizazi cha wazazi wetu kililisikia pamoja na Uhuru na Kazi, walichimba misingi ya madarasa wakiimba. Upareni hadi leo msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ni siku inayojulikana, na asiyefika anaulizwa. Lakini jaribu kumuuliza kijana wa miaka 25 aliyemaliza chuo anafanya kazi wapi. Akikujibu "najitolea", unajua moja kwa moja maana yake: anaamka alfajiri, anafanya kazi ileile ya mwajiriwa, saa zilezile, kwa nauli au bila nauli, akisubiri nafasi itoke. Shule ngapi zinaendeshwa hivyo, mwalimu wa hisabati akiishi kwa mchango wa wazazi? Neno limehama nyumba. Lilikuwa la mtu mwenye kitu anayetoa kidogo alichonacho. Sasa ni la mtu asiye na kitu anayetolewa vyote. Mwenyekiti wa mtaa akipanda kwenye spika akasema "jitoleeni", nusu ya wasikilizaji wanasikia "fanyeni bure".

Amri nayo tumeshaijaribu. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 akaagiza nchi nzima ifanye usafi siku hiyo, yeye mwenyewe akainama kuokota taka jijini, kipindi ambacho kipindupindu kilikuwa kikiwasumbua watu. Ilikuwa siku ya ajabu, na nakiri nilitoka na fagio. Baadaye ikawekwa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, maduka yafungwe mpaka saa 4 asubuhi. Miezi ya kwanza watu walitoka. Kisha ukaja ujanja wetu: mtu anakaa ndani, anakunywa chai polepole, saa 4 kamili anafungua duka. Kufunga duka kukawa ndiyo usafi wenyewe. Wanyarwanda wana umuganda wao, nao Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na unasimama kwa sababu kuna sheria nyuma yake, na pia kwa sababu kazi ikiisha watu wanakaa kikao palepale kuzungumza mambo ya kijiji. Sisi tulichukua Jumamosi, kikao tukakiacha.

Nisijifanye mwalimu wa watu. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu, na niliharibu kwa nia njema kabisa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda shule moja ya sekondari ya kata, sitaitaja, nikamwambia mkuu wa shule nitafundisha hisabati Kidato cha Pili kila Jumatano saa 10 na nusu jioni. Bosi wangu alikuwa amekubali niwahi kutoka. Mama yule alifurahi, akanitafutia darasa na chaki, watoto 18 wakajiandikisha. Jumatano ya kwanza nilifika. Ya pili nilifika nimechelewa nusu saa. Ya tatu kulikuwa na ukaguzi ofisini, simu ikaisha chaji, sikufika na sikumwambia mtu. Ya nne lori liliharibika barabarani, nikafika saa 12 kasoro robo, geti limefungwa. Ya tano nilimkuta mkuu wa shule amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, amenisubiri. Nilimwamkia, nikaanza kueleza habari za foleni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, foleni naijua, na mimi naipanda," alisema. "Ila usingeahidi, hawa ningewaruhusu saa 9 na nusu. Kuna binti mmoja anakaa kule bondeni. Wiki iliyopita alikungoja mpaka giza likaingia."

Hakupandisha sauti. Sijawahi kugombezwa na mtu nikaumia kiasi kile. Nilikuwa nimehesabu saa nilizotoa mimi, moja na nusu kila wiki, nikajiona mkarimu. Saa 18 za watoto 18 waliokaa wakitazama mlango sikuziandika popote. Tangu hapo mtu akiniambia "nitakuwa nakuja kila wiki", namwuliza foleni yake ni ya barabara gani.

Nilirudi shule ile mwaka uliofuata kwa masharti mengine, na masharti hayo aliyaweka mama yule, si mimi. Jumamosi moja ndiyo, inayofuata hapana, saa 3 mpaka saa 5 asubuhi, mwanga wa kutosha. Tuwe wawili, ili mmoja akikwama mwingine awepo. Nikampata jirani anayefanya kazi ya vipimo vya ardhi, ambaye hisabati anaipenda kuliko mimi. Na mwisho uwe upimaji wa Kidato cha Pili mwezi Novemba, tukishavuka hapo kila mtu aende zake. Mwaka mzima nilikosa mara 3, na mara zote 3 watoto hawakujua kama kuna mtu amekosa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba maranda yale ya muda yana kazi zake, ukiacha kuyalazimisha yawe gogo. Mfano mwepesi kuliko yote ni damu. Mtu wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 na kuendelea na afya njema, mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kutolewa chupa yenyewe ni dakika chache; ukiweka na maswali, kupima wingi wa damu na ile soda ya kukaa kitini kabla hawajakuruhusu, haizidi mapumziko ya mchana. Hakuna kikao, hakuna katibu, hakuna mgeni rasmi. Na inakwenda kwa mama aliyevuja damu akijifungua, kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, kwa mgonjwa wa selimundu, kwa kijana wa bodaboda aliyegongwa. Bado wengi wetu tunachangia siku ndugu yetu amelazwa tu, tukiwa tumeitwa kwa simu, mbio.

Mfano wa pili ni ujuzi wa kazi yako mwenyewe, ambao wengi tunauona wa kawaida mno kiasi cha kuona aibu kuutoa. Shule ya msingi iliyo karibu nami wazazi walikuwa wanachanga hela ya uji. Mahesabu yalikaa kwenye daftari la kurasa 80, mwalimu mmoja akiyaandika kati ya kipindi na kipindi, na wazazi wakinung'unika kwamba uji ni mwepesi wakati hela ni nzito. Nilikaa na mwalimu yule jioni mbili. Hakukuwa na wizi wowote, kulikuwa na risiti za unga kwenye bahasha moja na za sukari kwenye droo nyingine. Tukatoa ukurasa mmoja: kilichoingia, kilo za unga, kilo za sukari, kuni, kilichobaki. Ukabandikwa ukutani nje ya ofisi, kwa mkono, kwa herufi kubwa. Mwezi uliofuata waliochanga waliongezeka. Sidai ni karatasi ile peke yake, mishahara pia ilikuwa imetoka. Lakini jioni mbili zile zilikuwa na faida kuliko Jumanne 10 za mimi kushika beleshi nisilolijua.

Ila tahadhari. Sisi wa ofisini tuna ugonjwa wa kugeuza kila kitu kuwa warsha. Mtaa unataka mtu wa kujaza fomu ya kuomba kalavati halmashauri, sisi tunaleta mada kuhusu uongozi bora na biskuti za chai. Kuna kampuni moja, si yangu, na hata ingekuwa yangu nisingesema, ilileta wafanyakazi 60 wenye fulana mpya kupaka rangi ukuta wa shule uliokuwa umepakwa rangi mwaka uliopita na kampuni nyingine yenye fulana za rangi nyingine. Vyoo vya wasichana nyuma ya ukuta huo havikuwa na milango. Mwalimu aliwaambia, nilikuwepo. Jibu lilikuwa kwamba milango haikuwemo kwenye bajeti ya mwaka huo.

Mwajiri anayetaka kusaidia kweli ana njia rahisi isiyohitaji fulana. Sheria ileile ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Wengi tunajua jinsi siku hizo zinavyoliwa: zinaahirishwa, zinakatwa vipande, nyingine zinapotea. Mwache mtu atoke saa 9 alasiri mara moja kwa mwezi, ijulikane, iandikwe, asiombe kama anaomba msamaha. Bosi wangu wa zamani alifanya hivyo kwa mdomo tu, na ule ukaguzi ulipokuja mdomo ukasahau.

Nyumbani nako kuna hesabu ambayo wanaume huwa hatuisomi. Nilipokuwa nikienda shuleni zile Jumamosi, nani alibaki na watoto wangu? Mke wangu naye ni mwajiriwa. Siku moja, akifua, aliniambia bila kugeuka: "Unajitolea saa zangu." Nilicheka, yeye hakucheka. Tukagawana: Jumamosi yangu ya shule, Jumamosi yake ya kikundi chao cha akina mama wanaomtembelea mgonjwa aliyepooza mtaa wa pili, wakimfulia na kumgeuza. Kikundi hicho kina miaka mingi kuliko ajira yangu, wala hakijawahi kujiita cha kujitolea. Wanasema tu "tunaenda kwa Bibi". Ukitaka kujua nani anafanya kazi za jamii huku mjini bila spika na bila picha, anzia hapo. Utakuta wengi wao wametoka kazini jioni kama wewe, tena wamepika kwanza.

Turudi kwenye mfereji.

Harusi ilifungwa Jumamosi moja kabla ya Krismasi, ikapendeza. Mapema Januari tukakutana kuvunja kamati. Nyama ilipofika mezani, na mwenyekiti akiwa katika hali nzuri, nikaomba neno. Nikasema kamati isivunjwe leo, ibadilishwe jina. Jumamosi 4 za Februari, saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3, basi. Mweka hazina awe huyuhuyu. Kamati ya mfereji ivunjwe Jumamosi ya kwanza ya Machi, mfereji uwe umeisha au haujaisha. Fundi sanifu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza kwenye spika: "Tope likitoka litakwenda wapi?"

Ndilo lilikuwa swali lenyewe. Kila mwaka mfereji ule unazibuliwa, tope linarundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha ndani. Vijana wa Jumanne walikuwa wamechimba mfereji uleule kwa mara ya sijui ngapi. Jirani mmoja ana lori la mchanga. Akakubali kulitoa asubuhi moja kama tutaweka mafuta. Jumamosi ya kwanza tulikuwa watu 11. Ya pili tulikuwa 7, na nilianza kukata tamaa. Ya tatu, lori lilipokuja, walitokea 14, kwa sababu lori ni tamasha. Chini kabisa, karibu na kalavati, beleshi likagonga kitu laini kama godoro: mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku Juni 1, 2019, imelala tabaka juu ya tabaka, ya bluu, nyeusi, myeupe yenye nembo za maduka yaliyokwisha kufungwa. Mzee mstaafu aliinua mmoja, akausoma kama gazeti la zamani.

Jumamosi ya nne ilinyesha. Tulisimama chini ya kibanda cha mama lishe, tukanywa chai yake kwa kulipa safari hii, tukitazama maji yanavyopita. Yalipita, isipokuwa kwenye kona moja ambako kalavati liko juu, na kona hiyo si ya beleshi, ni ya halmashauri. Muuguzi, ambaye mwandiko wake unasomeka kuliko wetu sote, akaandika barua palepale, ikapelekwa kwa mtendaji wa mtaa Jumatatu na vijana wa bodaboda. Majibu bado tunayangoja.

Machi tukavunja kamati kwa kreti mbili za soda na mihogo ya kukaanga. Binti wa benki akasoma: zilizoingia 186,000, zilizotumika 171,500, salio 14,500. Mwenyekiti akapendekeza salio lipelekwe ofisi ya mtaa. Binti akauliza kama watatoa risiti. Kikawa kimya cha wakati mfupi, watu wakitafuna mihogo. Mmoja akasema tununue soda nyingine, mwingine tumpe mama lishe kwa zile Jumanne zake. Mama lishe akakataa, akasema yeye hakuwa kwenye kamati. Mpaka giza linaingia hatukuwa tumekubaliana, na kamati ilikuwa imeshatangazwa kuvunjwa, kwa hiyo hakukuwa na wa kuamua.

Hela ile iko kwenye simu ya binti hadi leo. Kila tukikutana dukani ananisalimia, kisha ananiuliza: "Kaka, hii elfu kumi na nne na mia tano niiandike kwenye jina gani?"